Kukaa Geneva au kuhamia ng'ambo, Ufaransa: hesabu inayoanza na pasi yako

Jimbo la Geneva limekaa kama ulimi uliopenya ndani ya Ufaransa. Mpaka wake na Ufaransa una urefu wa zaidi ya kilomita 100, ilhali kipande kinacholiunga na Uswisi nyingine, upande wa jimbo jirani la Vaud, hakifiki hata kilomita 5. Ndiyo maana mtu akikosa nyumba Geneva hasukumwi pembezoni mwa mji kama ilivyo kwingine. Anasukumwa nchi nyingine.

Kila siku ya kazi watu zaidi ya 100,000 huamkia Ufaransa, wakaingia Geneva kufanya kazi, na jioni wakarudi. Wafaransa huwaita frontaliers; sisi husema tu "anakaa Ufaransa". Nimeishi pande zote mbili, na kila anayefika na mkataba mpya wa kazi huniuliza swali lile lile: nikae huku au nivuke? Nawaandikia hao. Wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa wana kadi zao na taratibu zao, kwa hiyo mengi ya hapa chini hayawahusu.

Pasi kwanza, pango baadaye

Wengi huanza kwa kulinganisha pango. Naomba uanze na pasi uliyoshika mkononi, maana hiyo ndiyo inayoamua kama una chaguo lolote.

Ukiwa na pasi ya nchi ya Umoja wa Ulaya, mlango uko wazi. Tangu Juni 2007 mlango huo umepanuka zaidi: unaweza kukaa popote ndani ya Umoja wa Ulaya na kufanya kazi popote Uswisi, mradi urudi nyumbani kwako walau mara moja kwa wiki. Unapewa kibali cha G, yaani kibali cha wavuka mpaka, na mkataba wako ukiwa wa mwaka mmoja au zaidi kibali hicho hudumu miaka 5.

Ukiwa na pasi ya Kenya, Tanzania, Uganda au Congo, mambo ni mengine kabisa. Kupata kibali cha G unatakiwa uwe tayari na haki ya ukaazi wa kudumu Ufaransa, na uwe umeishi kwenye ukanda wa mpakani kwa miezi 6 au zaidi. Juu ya hapo mwajiri anapaswa kuonyesha kwamba hakupata Mswisi wala raia wa Ulaya wa kuifanya kazi hiyo. Hata ukikipata, ni cha mwaka mmoja, kinakufunga ndani ya ukanda wa mpakani, na ukitaka kubadili mwajiri unaomba ruhusa upya.

Sasa mchukue mtu aliyepata kibali cha B, yaani kibali cha ukaazi cha Uswisi, anafanya kazi Geneva, amechoka kulipa pango kubwa kwa chumba kimoja, na ameona tangazo la nyumba ya vyumba vitatu Annemasse, mji wa Ufaransa ulio karibu na mpaka. Kibali chake cha B kinamruhusu kutembelea Ufaransa siku 90 katika kila siku 180. Hakimruhusu kuishi huko. Akienda ofisi ya wakazi kujiondoa Geneva, kibali cha B kinakufa, na haki ya kufanya kazi inakufa nacho. Saa ya uraia nayo inasimama: Uswisi inataka miaka 10 ya ukaazi, na mitatu kati ya hiyo iwe ndani ya miaka 5 ya mwisho kabla ya kuomba. Kwa mtu huyu pango la Annemasse si rahisi hata kidogo. Abaki Geneva. Nalisema hili kwa ukali kwa sababu nimeona mtu akilipia amana ya nyumba ng'ambo kabla ya kumuuliza yeyote kuhusu karatasi zake.

Wapo wanaojaribu njia ya pembeni: wanaacha jina kwenye sanduku la barua la rafiki Geneva, nao wanalala Ufaransa. Wafaransa wanalijua jambo hili na wana jina lake, makazi ya pili ya uongo. Usilifanye. Bima yako ya afya, kodi yako na kibali chako vyote vimesimama juu ya anwani, na siku anwani ikionekana si ya kweli vinaanguka kwa pamoja. Na kuna anayeumia zaidi yako. Kwa makubaliano ya mwaka 1973, Geneva hurudisha asilimia 3.5 ya mishahara ya wavuka mpaka kwa mikoa ya Ain na Haute-Savoie, na fedha hizo ndizo zinazosaidia shule na barabara za miji unayolala. Aliyejificha kwenye anwani ya uongo hahesabiwi.

Pango: linganisha mkataba ulionao, si tangazo

Geneva kupata nyumba ni shughuli. Kwa miaka mingi nyumba zilizo wazi zimekuwa chini ya asilimia 1. Mwenye nyumba anataka hati za mishahara ya miezi mitatu, cheti kinachoonyesha hudaiwi, na amana inayoweza kufika pango la miezi mitatu, ambayo hufungiwa kwenye akaunti ya benki kwa jina lako. Ufaransa nyumba isiyo na samani amana yake ni mwezi mmoja tu. Kwa mtu anayeanza maisha, tofauti hiyo peke yake inaweza kuamua mambo.

Lakini tofauti ya pango lenyewe imepungua kuliko watu wanavyodhani. Wavuka mpaka wanalipwa faranga, na wenye nyumba wa Annemasse, Saint-Julien na Ferney-Voltaire wanalijua hilo vizuri. Muuguzi anayelipwa mshahara wa Ufaransa katika miji hiyo anahangaika kweli kupata pa kukaa, ndiyo maana hospitali za upande ule zinapoteza wauguzi wanaovuka kwenda Geneva. Ili upate pango la chini kwelikweli inabidi usogee mbali zaidi, kuelekea La Roche-sur-Foron, Thonon au Bellegarde, na hapo ndipo muda unaanza kukudai.

Kama tayari unakaa Geneva kwenye nyumba uliyoipanga zamani, usiiachie kabla hujahesabu mara mbili. Mikataba ya zamani ina pango la chini sana kuliko matangazo ya leo, na sheria inamlinda mpangaji aliyemo ndani. Tena kiwango rejea cha riba, ambacho pango la Uswisi hufungwa nacho, kilishuka Machi 2025 hadi asilimia 1.50 na Septemba mwaka huo huo hadi 1.25. Kinaposhuka mpangaji ana haki ya kumwandikia mwenye nyumba barua ya kuomba pango lipunguzwe. Wengi hawaandiki. Barua moja ya ukurasa mmoja inaweza kukuokolea fedha bila kufunga hata begi.

Dakika

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi, na hapa ndipo ningetaka usome polepole.

Upande wa Ufaransa una sehemu tatu zenye maisha tofauti kabisa. Annemasse ina reli. Treni za Léman Express, zinazovuka mpaka, zilipoanza tarehe 15 Desemba 2019, Annemasse iligeuka kuwa kama mtaa wa Geneva: saa za msongamano kuna treni karibu kila dakika 10, inapita Chêne-Bourg, Eaux-Vives, Champel na Lancy, na kwa chini ya nusu saa uko Cornavin, stesheni kuu ya Geneva. Tramu namba 17 nayo inavuka mpaka pale Moillesulaz hadi ndani ya mji, ingawa ni ya polepole. Upande wa pili, wilaya ya Gex, chini ya milima ya Jura, panapendeza na pako karibu na uwanja wa ndege na CERN, maabara ya fizikia, lakini Gex yenyewe haina treni. Utategemea basi au gari. Kusini, Saint-Julien na barabara ya Annecy, wengi huingia na gari kupitia kituo cha mpakani cha Bardonnex.

Niliishi kwanza kijiji kimoja cha wilaya ya Gex. Kwenye ramani kilikuwa kilomita 14 kutoka kazini. Nilikuwa naamka saa 11 alfajiri, natoa barafu kwenye kioo cha gari kwa kadi ya plastiki, na kufika saa 12 kwenye mzunguko wa mwisho kabla ya mpaka, ambako taa nyekundu za magari zilijipanga hadi usione mwisho. Ukichelewa kutoka kwa dakika 10, unafika umechelewa dakika 35. Jioni ni vivyo hivyo. Mwanangu alikuwa na miaka minne, na kwa majira mazima ya baridi nilimwona akiwa macho Jumamosi na Jumapili tu.

Nilipohamia Annemasse, nyumba ndogo zaidi na pango kubwa zaidi, mwendo wa dakika 8 kwa miguu hadi stesheni, maisha yalirudi. Kwa hiyo ninapozungumza kuhusu "kukaa Ufaransa", kwangu umbali wa kutembea hadi stesheni ya Léman Express una uzito kuliko idadi ya vyumba.

Fanya hesabu hii na namba zako mwenyewe. Tuseme kwa kuvuka unaokoa faranga 900 za pango kwa mwezi, na safari inakuongezea saa 1 na robo kwa siku, kwenda na kurudi. Kwa siku 220 za kazi hizo ni saa 275 kwa mwaka. Faranga 10,800 kugawa kwa saa 275 ni kama faranga 39 kwa kila saa uliyotoa, si mbaya. Lakini kama kuvuka kunakulazimisha kununua gari, na gari linakula faranga 400 kwa mwezi, unabaki na faranga 6,000 kwa mwaka, yaani chini ya faranga 22 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara Geneva, ambacho wananchi walikipigia kura Septemba 2020, sasa kinazidi faranga 24 kwa saa. Umeuza saa zako kwa bei iliyo chini ya ile ambayo sheria inamkataza mwajiri yeyote kukulipa.

Kama mwajiri anakuruhusu kufanya kazi ukiwa nyumbani, hesabu inageuka. Tangu 2023 Ufaransa na Uswisi zimekubaliana kwamba ukifanya kazi nyumbani hadi asilimia 40 ya muda wako, kodi ya mshahara inabaki kulipwa Uswisi. Siku mbili kwa wiki kati ya tano, basi. Ukizidisha, unaanza kumpa mwajiri wako shida za kodi na Ufaransa, na waajiri wengi hawataki. Muulize kabla ya kusaini, tena kwa maandishi.

Mpaka wenyewe kwa kawaida hata hauhisiki. Uswisi iliingia Schengen, eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasi mipakani, Desemba 2008, na siku nyingi unapita bila kusimamishwa. Lakini Machi 2020 vivuko vingi vidogo vilifungwa kwa ugonjwa wa corona, wavuka mpaka wakabanwa kwenye vichache vilivyoachwa wazi, wakionyesha kibali, hadi katikati ya Juni. Waliokuwa na wazazi upande mmoja na kazi upande mwingine wanaikumbuka miezi hiyo.

Kodi ya mapato haishuki, bima inaweza kushuka

Nasikia watu wakisema wanahamia Ufaransa ili wapunguze kodi. Kwa anayefanya kazi jimbo la Geneva, sivyo. Kodi inakatwa kwenye mshahara na Geneva, ukikaa huku au kule. Ufaransa nayo unaipelekea tamko la mapato kila mwaka; haikutozi mshahara wa Geneva mara ya pili, ila inautumia kupanga kiwango, kwa hiyo mwenzi wako akifanya kazi Ufaransa atatozwa kiwango cha juu kuliko mshahara wake peke yake ungetaka. Kama asilimia 90 au zaidi ya kipato cha kaya inatozwa Uswisi, unaweza kuomba Geneva ikuhesabu karibu kama mkazi na kukupa makato kamili, na ombi hilo liwe limefika kabla ya 31 Machi ya mwaka unaofuata. Ukipata kazi Lausanne badala ya Geneva, kanuni inapinduka: kwa Vaud, chini ya mkataba wa 1983, mvuka mpaka anatozwa kodi na Ufaransa.

Bima ya afya ndiyo yenye nafuu ya kweli, na ndiyo yenye mtego. Geneva ni kati ya majimbo yenye ada kubwa kabisa za bima Uswisi, na kila mtoto ana ada yake. Ukikaa Ufaransa una miezi 3 tangu kuanza kazi ya kuchagua: bima ya Uswisi kwa ada ya wavuka mpaka, ambayo ni ndogo kuliko ya mkazi wa Geneva, au mfumo wa Ufaransa, unaokata asilimia 8 ya kipato chako baada ya kuondoa sehemu ya mwanzo.

Chaguo hilo halirudishwi kirahisi. Utakaa nalo hadi hali yako ibadilike kweli, kwa mfano ukikosa kazi kisha ukaanza tena. Kwa kijana mwenye mshahara mkubwa asiye na watoto, ada ya Uswisi mara nyingi huwa nafuu, na inamruhusu kutibiwa nchi zote mbili. Kwa familia yenye mshahara wa kati na watoto watatu, mfumo wa Ufaransa hubeba watoto bila ada ya ziada. Tatizo ni kwamba upande ule kumpata daktari wa familia anayepokea wagonjwa wapya ni kazi ngumu. Piga simu kwa madaktari wa mji unaoutaka kabla ya siku ya kuhama, si baada.

Siku kazi itakapokwisha

Watu hulipita jambo hili haraka, nami ningependa ulitafakari usiku mmoja mzima.

Umekatwa mchango wa kukosa ajira Uswisi kila mwezi. Ukiachishwa kazi huku unakaa Geneva, Uswisi inakulipa asilimia 70 au 80 ya mshahara uliokatiwa bima. Ukiwa unakaa Ufaransa, fao lako analipa Mfaransa kwa kanuni za Ufaransa: kwa mishahara ya Geneva ni kama asilimia 57 ya mshahara wa rejea, na kama mshahara ulikuwa mkubwa na hujafika miaka 55, fao hupunguzwa baada ya miezi 6. Uswisi huirudishia Ufaransa fao la miezi 3 hadi 5 tu, na kwa hiyo Ufaransa haifurahii hata kidogo mpango huu. Usishangae kanuni zikikazwa tena.

Na kuna hili: serikali ya jimbo la Geneva na taasisi inazozipa ruzuku, hospitali zikiwemo, huangalia kwanza wasio na kazi waliojiandikisha Geneva. Ukiwa Annemasse hujaandikishwa huko. Mtu anayejua kazi yake inategemea ufadhili wa mwaka hadi mwaka alifikirie hili sana.

Ukinunua nyumba ng'ambo, uliza mkopo uko kwa sarafu gani. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha kushikilia faranga kwenye 1.20 kwa euro, na kwa siku moja faranga ikapanda hadi karibu kulingana na euro. Aliyelipwa faranga na kulipa pango kwa euro alishangilia. Lakini jirani yangu mmoja, fundi umeme, alikuwa na mkopo wa nyumba wa faranga. Miaka miwili baadaye akapoteza kazi Geneva, akapata nyingine Ufaransa ya mshahara wa euro. Alinionyesha karatasi ya benki mezani kwake. Deni likihesabiwa kwa euro lilikuwa kubwa kuliko siku alipokopa, na alikuwa amelipa kila mwezi bila kukosa.

Ningechagua nini

Mwenye pasi ya nje ya Ulaya asiye na ukaazi wa kudumu Ufaransa: Geneva, hata kwa chumba kidogo. Apunguze gharama kwa kufanya manunuzi ng'ambo Jumamosi, akikumbuka kwamba tangu Januari 2025 kiwango cha kuingiza bila kodi ni faranga 150 kwa mtu kwa siku, na nyama ni kilo 1.

Mwenye pasi ya Ulaya, hana watoto, mkataba wa muda mfupi: Geneva pia, ama achangie nyumba na wenzake. Kuhamisha bima, gari ambalo lazima lisajiliwe Ufaransa ndani ya mwezi mmoja, na tamko la kodi la nchi ya pili, yote kwa ajili ya mkataba wa mwaka mmoja, ni kazi kubwa kwa akiba ndogo.

Familia yenye pasi ya Ulaya, kazi imara, na siku mbili za kufanya kazi nyumbani: wavuke, lakini wafuate reli. Shule wahesabu za Ufaransa. Geneva imekuwa ikizidi kuwafungia mlango watoto wanaokaa ng'ambo. Na kabla ya kutia saini mkataba wa nyumba, mmoja wao alale mji ule usiku wa Jumatatu, aamke asubuhi ya Jumanne kama mfanyakazi, atembee hadi stesheni kwa miguu yake, asafiri hadi mlango wa ofisi, na jioni arudi kwa treni ya saa 11:30, akiandika saa kwenye karatasi kila anapofika mahali.